Shingo Zetu Hazivai

Wanawake wa upande wa mama yangu hawavai kitu shingoni. Si mkufu, si kidani, si ushanga, wala hirizi. Masikio yetu yalijaa dhahabu na bangili zilipanda hadi karibu na kiwiko, lakini kuanzia kidevuni mpaka ukosi wa gauni hapakuwa na kitu. Mombasa, ambako bi harusi wa Kihindi alipimwa kwa uzito wa kidani chake, jambo hili lilifanya watu watutazame, na sisi tulipenda kutazamwa. Mtu akiuliza sababu, mama alikuwa na jibu moja tu, akilitoa kwa sauti ya chini, ya mtu anayejidai hapendi kusifiwa: "Shingo zetu hazivai."

Kisha anasimulia. Bibi yake Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Bibi Mkuu, alikuwa mcha Mungu wa upande wa Surat, Uhindi. Alifiwa na mume angali msichana, akaipa dunia mgongo, akavuka bahari kwenda kisiwani. Huko aliishi miaka mingi na wanawake wenziwe, nyumba moja, nguo nyeupe, wakifuma vitambaa na kusali, na mlango ukifungwa jua likizama. Hakuwa na pambo ila kibao kidogo cha mti mtakatifu shingoni. Wanaume walisimama mstari kumposa. Alimkubali mmoja, akazaa naye binti, mume akafa, na muda wake wa ibada ulipokwisha akarudi kwao. Aliwakuta watu wa kwao wamezama katika mambo ya dunia, hawamfai tena. Basi akamchukua binti yake, wakapanda meli hadi Mombasa, na huko ndiko tulikotokea sisi.

Hadithi hii ilikuwa na desturi yake. Bi harusi wa kwetu, siku ya hina, hukalishwa mkekani, na mwanamke mkubwa wa nyumba humfunga shingoni kibao kilichochongwa siku ileile. Kibao chenyewe kinaenea kiganjani, chini mviringo, juu kina tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Uzi wake mweupe. Bi harusi hukaa nacho bila kusema neno mpaka hina ikauke. Kisha mkubwa wa nyumba hukata uzi kwa mkasi, husema, "Umefunguliwa," na kibao hutiwa kwenye chetezo kiungue pamoja na udi. Sisi tulidhani maana yake ni kufunguliwa kutoka usichanani.

Katika nyumba yetu alikuwamo mwanamke mmoja tu ambaye hakuwahi kufungwa kibao wala kukatiwa uzi. Ni dada mkubwa wa mama yangu. Nilimwita Masi, kama tunavyomwita mama mkubwa kwa Kigujarati. Hakuolewa. Watu wengine wangesema amekaa tu. Kwetu ilisemwa hajafunguliwa. Ilisemwa mbele yake, tena kwa upole, na yeye aliendelea kuchambua mchele.

Sababu ya kutoolewa kwake nilikuwa naijua kama nilivyojua rangi ya milango ya jirani. Aliposwa na kijana wa mtaa wetu, Msurati kama sisi kwa upande wa baba, lakini bibi yake alikuwa mwanamke wa Kiafrika aliyewahi kuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Bibi yangu alikataa. Alisema shingo ya kwetu na shingo iliyofungwa kamba hazilali mto mmoja. Mama alilirudia neno hilo kila lilipopata nafasi, na nafasi hazikuwa chache. Tukitoka harusini, hukaa kitandani akivua viatu na kutueleza nani alikuwa na damu ya kamba, na nani alijaza dhahabu shingoni ili kuficha alama. Nami nilicheka. Nilikuwa mtoto, lakini kicheko kilikuwa changu.

Tulifika London mwishoni mwa miaka ya sitini, katika ule mkumbo wa Wahindi wa Afrika Mashariki waliokimbilia kuingia kabla mlango haujafungwa. Uwanja wa ndege ofisa alimuuliza baba alizaliwa wapi, na baba yake alizaliwa wapi, na babu yake je. Mama hakuwa na Kiingereza. Alipotafsiriwa alifurahi mno kwamba hatimaye serikali imeuliza swali la maana. Alitaka baba amwambie ofisa habari za Bibi Mkuu. Baba, mtu wa maneno machache, alimwomba anyamaze, maana huyu alikuwa akitafuta babu wa Kiingereza, na huyo hatukuwa naye.

Tulipanga, kisha tukanunua, nyumba ya Harrow, pembezoni mwa London, iliyoshikana ubavu na ya jirani, treni za reli ya Metropolitan zikipita nyuma ya bustani. Baba alipata ukarani. Mama na Masi walipata kazi kwenye karakana ya kushona mapazia. Siku ya kwanza msimamizi aligawa vibati vya namba, kila kimoja na kamba yake, kila mfanyakazi avae shingoni. Mama alikataa. Masi alisimama nyuma yake akiona haya. Msimamizi aliinua sauti, mama akainua yake, yeye kwa Kiingereza na mama kwa Kiswahili, mpaka yule bwana akaamua kwamba hii lazima ni dini, akawaruhusu wakibane begani kwa pini. Mama alirudi nyumbani ameshinda vita. Kwa mwezi mzima Harrow yote ilisikia kwamba hata Mzungu ameelewa sisi ni watu gani.

Nami nilipoanza kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini, niliwasimulia wasichana wenzangu hadithi ileile. Waliona ni kitu kizuri sana. Mmoja alisema kwao hawajui hata jina la mama wa bibi yao. Nilimwonea huruma, na haikunipitia kichwani kwamba la Bibi Mkuu sikulijua pia.

Kila Jumapili Masi alipanda basi hadi Hounslow kununua mboga. Harrow ilikuwa na maduka tele ya Wahindi, na mama alimkebehi kwamba anavuka London nzima kufuata bamia. Siku moja nilifuatana naye. Sokoni tulikutana na mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye koti la wapakiaji mizigo wa uwanja wa ndege. Alimwamkia, "Hujambo, dada," naye akajibu hajambo. Walizungumza habari za giligilani, kwamba ya huku haina harufu. Aliuliza hali ya mama yangu, Masi akauliza hali ya mkewe na watoto. Basi. Lakini ndani ya basi, tukirudi, Masi aliushika mfuko wa mboga mapajani kwa mikono miwili njia nzima, nami nikamjua yule mtu ni nani.

Nilipochumbiwa, wakwe zangu walikuwa watu waliofukuzwa Kampala, nao wakakaa Harrow, vituo viwili kutoka kwetu. Mama mkwe alikuwa mwanamke mwenye mpango, anayependa mambo yajulikane. Alikuja na habari ya kidani. Mama akamwambia shingo zetu hazivai, akamsimulia yote. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga. Alisema ni baraka kwa mwanawe kuingia katika nyumba kama hii. Kisha akauliza jambo ambalo kwa miaka yote hakuna aliyewahi kutuuliza. Alitaka jina la mcha Mungu huyo, na kisiwa chenyewe, ili wamsomee hitima, na wakijaliwa kwenda Uhindi wakazuru mahali pake.

Nilimwona mama anatafuta. Kisha akaninyooshea kidole, akasema mimi nafanya kazi mjini, karibu na majumba yote ya makaratasi, nitalitafuta.

Ndivyo nilivyotoka kumtafuta mtakatifu wetu. Kumbukumbu za serikali ya zamani ya Uhindi zilikuwa zimehifadhiwa katika jengo moja ng'ambo ya mto, na Jumamosi nilikwenda kukaa pale na koti langu. Nilisoma habari za Surat na makaburi yake ya kuzuriwa, nikasoma habari za mawalii. Nilikuta wanaume watupu. Nikaona bora nianze na kisiwa. Niliomba picha za zamani za visiwa vya bahari ya Uhindi, nikaletewa maboksi, nikawa nafunua picha moja moja, minazi, gati, maofisa na mbwa wao.

Kisha nikawaona. Wanawake wamesimama uani, mbele ya nyumba ndefu, wamevaa nguo nyeupe. Ukumbini nyuma yao kuna mitambo ya kufumia. Na kila mmoja ana kibao shingoni. Chini mviringo, juu tundu.

Nilifurahi. Nalisema wazi kwa sababu furaha ile ndiyo inayoniumiza zaidi nikiikumbuka. Nilitaka kumshika mkono mtu aliyekaa karibu nami nimwambie hawa ni watu wetu. Niliwatazama nyuso moja baada ya nyingine, nikitafuta pua ya mama yangu. Ni baada ya hapo tu nilipoteremsha macho kusoma maneno ya chini. Yalisema: wafungwa wa kike, visiwa vya Andamani.

Nilisoma nilichokipata juu ya visiwa hivyo, ambako Waingereza walipeleka wafungwa wa Uhindi, na kila nilichosoma kilikuwamo katika hadithi ya mama. Nyumba ya wanawake, mlango ukifungwa kwa kufuli jioni. Kufuma vitambaa, ndiyo kazi waliyopewa. Wanaume kusimama mstari: wafungwa wa kiume waliotulia tabia waliruhusiwa kuoa, wakaletwa na kupangwa wachaguane na wanawake. Na kibao kilikuwa cha namba ya mfungwa, kosa lake, na siku ya kufunguliwa. Muda wa ibada uliokwisha ulikuwa kifungo. Na kule kwao Surat, nani angemwoa binti aliyezaliwa jela, na mama yake katoka huko? Ndiyo maana ya meli ya Mombasa.

Niliirudisha ile picha bokisini, uso chini. Nikaenda chooni nikasimama mbele ya kioo na kuishika shingo yangu. Niliogopa mtu asiingie akanijua.

Jumamosi zilizofuata nilimtafuta yeye hasa, na sikumpata kwa hakika. Wanawake waliopelekwa kutoka upande wa Surat walikuwa kadhaa, na majina yao yaliandikwa na watu wasiojali kuyaandika. Makosa yao yalikaribia kuwa kosa moja. Mjane kijana. Kwa mila ya kwao mjane haruhusiwi kuolewa tena, lakini huyu kashika mimba, na aliyempa mimba hatajwi popote. Mtoto kazaliwa kwa siri. Mtoto kaonekana kisimani, au chini ya majani, au hakuonekana. Mmoja wao alikuwa wetu. Nilijaribu kumchukia sikuweza, nikajaribu kumtetea nikashindwa vilevile, maana kila nilipomtetea nilikiona kile kisima. Nilichoweza kilikuwa kuona aibu tu, na niliiona kwa ukamilifu: kwanza aibu ya kuwa wake, kisha, nilipokuwa nikishuka ngazi siku ya mwisho, aibu ya mambo tuliyosema sisi kwa jina lake. Nyani haoni kundule. Sisi tulikwenda mbali zaidi ya nyani. La kwetu tulilifukizia udi.

Nilimwambia mama Jumapili moja jikoni, Masi akiwa Hounslow. Alikuwa anasukuma chapati. Kwanza alisema picha ni picha tu. Kisha akasema Wazungu hawakosi la kuwasingizia watu. Aliendelea kusukuma, chapati ikawa nyembamba mpaka ikachanika.

"Tundu li juu?" akaniuliza.

"Juu."

"Na chini?"

"Mviringo, mama."

Alizima gesi. Akajifuta unga mikononi taratibu, akaketi kwenye kiti cha jikoni ambacho kwa kawaida hukataa kukikalia kwa sababu ni kigumu. Nilidhani atazungumzia wakwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa wakwe. Alichoniambia ni habari ya mkufu.

Yule kijana wa Masi, alipoleta posa, bibi yake mzee alituma mkufu mwembamba, zawadi ya kumkaribisha mke wa mjukuu. Alikuwa hajui desturi yetu. Mama yangu wakati huo alikuwa msichana ambaye tayari ameshachumbiwa na baba, na watu wa baba walikuwa wakubwa wa nasaba. Waliposikia habari ya posa ile walianza kusitasita. Dada akiolewa kule, na yeye hapati kuolewa huku. Basi Bibi alipoamua mkufu urudishwe, mama ndiye aliyejitolea kuupeleka. Hakutumwa. Aliomba. Mlango ulifunguliwa na yule mzee mwenyewe, akadhani ni ugeni mwema, akaagiza kahawa. Mama akiwa mlangoni alimpa mkufu wake, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi njiani: mwambie mjukuu wako, shingo zetu hazikuzoea kamba.

Nilimuuliza yule mzee alijibu nini. Mama alisema aliukunja mkufu katika ncha ya leso yake. Kisha alimwambia mama arudi kwa njia ya upande wa kivuli, kwa sababu jua lilikuwa kali.

Mama hakulia. Alikaa akiangalia mikono yake. Baadaye akasema:

"Usimwambie dadangu. Wakwe waambie ukitaka, harusi ivunjike, tutaishi. Lakini yeye usimwambie. N'tamwambia nini mimi? Kwamba n'limnyima mume kwa ajili ya kibao cha jela?"

Nilikubali upesi, upesi mno. Wakwe sikuwaambia, na sikuwa na nia. Niliitaka harusi yangu. Nilimpenda kijana wangu, na nilipenda pia jinsi mama yake alivyonitazama, na nilijua mtazamo ule ulikuwa wa Bibi Mkuu, si wangu. Mama naye aliendelea kwenda kazini na kibati begani. Jambo moja tu lilibadilika: alinyamaza kuhusu damu za watu. Tulirudi kutoka harusi mbili tatu, akavua viatu kimya. Masi alimuuliza kama anaumwa.

Siku ya hina ilikuwa Jumamosi mchana. Sebule ilijaa wanawake, viti vimetolewa bustanini, chetezo kimewekwa karibu na dirisha ili moshi usiguse mapazia, ambayo mama na Masi waliyashona kwa mabaki ya karakana. Mama alikuwa amechonga vibao viwili, kama ilivyo desturi, kimoja kikipasuka kuwe na kingine. Alinifunga kimoja. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nami nikakaa mkekani mikono imenyooshwa, nimepakwa hina, nimekatazwa kusema, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru desturi inayomkataza bi harusi kusema.

Mama mkwe akauliza, mbele ya wote, kama jina limepatikana. Nilitazama chini. Mama alisema jina lake hatulitaji, ni heshima. Sebule nzima ilishusha pumzi. Lilikuwa jibu zuri kuliko jina lolote, na mama mwenyewe, nadhani, hakujua lilikotoka.

Kisha mama mkwe akainuka, akaja akapiga magoti mbele yangu na dhahabu yake yote, akakishika kile kibao kwa vidole viwili, akakibusu. Akakipitisha machoni, jicho la kulia na la kushoto. Wanawake wakafuata. Walipanga mstari. Mmoja baada ya mwingine waliinama shingoni mwangu na manukato yao, na mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa akaomba apewe jivu lake kidogo kikishaungua. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nilitaka kuwaambia ondokeni, msikibusu, hapa pameandikwa kosa. Sikusema. Niliwaachia shingo yangu, mpaka wa mwisho.

Hina ilipokauka mama alichukua mkasi. Alikata uzi, kibao kikaniangukia mapajani, na watu wakasubiri neno. Mama alifungua kinywa na neno halikutoka. Alijaribu tena. Ndipo Masi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, akalisema kwa niaba yake, kwa sauti yake ileile ya kawaida: "Umefunguliwa." Wanawake wakapiga vigelegele. Masi hakupiga. Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi.

Wageni walipoondoka, na baba akiwa bado kwa jirani alikokimbilia, Masi aliosha masinia jikoni. Mimi nilikaa kwenye kile kiti kigumu, mikono yangu haifai kwa kazi. Aliosha masinia mawili, halafu akaniuliza ni kitu gani, na mamangu ana nini, na mbona nilikaa pale mkekani kama niliyefiwa.

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na nilikuwa nimeshaanza kulia. Nilimwambia yote, picha, kisiwa, wajane wa Surat. Habari ya mkufu tu sikuitaja; hiyo haikuwa yangu. Masi alifunga bomba. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, kama yule mtoto wa kisimani alikuwa wa kike au wa kiume. Nikasema sijui, kwa sababu sijui hata yupi alikuwa wetu. La pili, kama mamangu ajua. Nikasema ajua.

Alikausha mikono yake vizuri, kidole kwa kidole. Akaenda sebuleni. Nilimfuata hadi mlangoni.

Mama alikuwa anaokota maua yaliyodondoka. Masi aliketi mkekani, mahali nilipokuwa nimekaa mimi, akaweka mgongo wima, nywele zake zenye mvi akaziweka upande mmoja. Kile kibao cha pili kilikuwa bado kwenye sahani, na uzi wake. Akakichukua, akamnyooshea mdogo wake.

"Nifunge. Kisha unifungue."

Mama alimwambia watu washaenda.

"Ndiyo," akasema Masi. "Watu washaenda."

Mama alinitazama, akaelewa, na sikuona hasira usoni mwake, niliona amechoka tu. Alipiga magoti nyuma ya dada yake akamfunga uzi. Fundo lilimshinda, akalirudia. Alichukua mkasi. Akaushusha.

"Dada, kuna jambo. Siku ile n'liporudisha mkufu, yule mzee n'limwambia—"

"Najua ulilomwambia. N'likwenda siku ya pili kumuomba radhi. Alinipa maji ya kunywa." Masi hakugeuka. "Kata."

Mama alikata. Kibao kilianguka. Ilibidi Masi amwambie aseme, na mama akasema, "Umefunguliwa," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana aliyesimama mlangoni pa watu.

Nilidhani yamekwisha. Mimi ni mtu wa kupenda mambo yaishe, na nilishaanza kujipangia jinsi watakavyokumbatiana. Masi aliokota kibao, akakitazama pande zote mbili. Chetezo kilikuwa na makaa bado. Hakukitia. Alichukua uzi mwingine kutoka kwenye sahani, akaupitisha tunduni, akageuka akamvalisha mama. Alifunga fundo polepole, akalirekebisha lisimkwaruze, kama mtu anayemvisha mtoto akienda shule.

"Kaa nacho," akamwambia. "N'takufungua nikiwa tayari."

Mama hakukataa. Aliinamisha kichwa ili fundo lifungike vizuri. Masi akarudi jikoni, nikasikia bomba limefunguliwa tena.

Harusi ilikuwa kesho yake, katika ukumbi wa kukodi karibu na kituo. Mama alivaa gauni lenye ukosi wa juu, na watu walimsifu, wakasema Ulaya imemfundisha mtindo. Mama mkwe alimkalisha pembeni yake na kuwaonyesha jamaa zake wa Kampala, huyu ndiye, wa ile nyumba. Masi alikaa meza ya mbele, shingo yake tupu, akila biriani taratibu na kwa hamu nzuri.

Ulipofika wakati wa kuagana mama alinikumbatia, kwa nguvu, mbele ya wapiga picha. Nilikisikia kibao kati ya kifua chake na changu, kigumu, ncha yake ya mviringo imenibana mfupa. Watu walikuwa wakitungoja. Mama mkwe alinong'ona kwa mtu kwamba ndivyo walivyo watu wenye baraka, tazama wanavyopendana. Nikamwachia mama, nikatabasamu, nikaingia garini.